Breki za Tambarare

Dereva wa kisa hiki hakuwa mzembe. Nalisema hilo mapema kwa sababu ajali ikitokea mlimani watu hukimbilia kuuliza alikuwa amekunywa nini, au alikuwa anawahi wapi. Huyu pombe hagusi, na mwendo wake ulikuwa wa taratibu hadi madereva wa nyuma wakimpigia honi. Alikuwa na pikapu, Toyota Hilux ya kebini moja, na kazi yake ilikuwa kupandisha bidhaa za dukani Lushoto, kwenye milima ya Usambara, na kushusha viazi, karoti na kabichi hadi Korogwe. Siku breki za mbele zilipoanza kutoa kile kilio chembamba, sauti ya kibati kinachosugua disiki pedi ikibaki milimita mbili tatu, hakungoja. Kesho yake asubuhi gari lilikuwa gereji Korogwe.

Fundi akapiga jeki, akavua tairi, akachungulia. Pedi zimekwisha, na disiki zina mifereji inayohisika kwa ukucha.

"Kaka, hapa una njia mbili," akamwambia. "Ununue disiki mpya na pedi za maana, au hizi disiki tumpelekee fundi tona azichonge, halafu nikufungie pedi ninazo hapa. Njia ya pili ni theluthi ya pesa."

"Hizo pedi zitashika?"

"Zitashika mpaka uombe mkanda."

Boksi la pedi lilikuwa zuri, lina nembo ya kampuni iliyotengeneza gari lenyewe. Disiki zilirudi kutoka kwa tona zinang'aa, mifereji yote imekwisha. Wakafunga, wakatoka wote wawili kujaribu: gari tupu, lami tambarare, jua halijakaza. Akafikisha kilomita 60 kwa saa, akakanyaga. Gari likainamisha pua likasimama palepale. Akarudia, likasimama tena. Akalipa, akashukuru.

Jaribio lile ndilo lililomponza. Pedi mpya karibu ya aina yoyote, hata ile iliyotengenezwa ovyo, inaweza kulisimamisha gari tupu mara moja au mbili ikiwa bado ya baridi. Pedi ni mchanganyiko wa nyuzi, madini na unga wa chuma, umeshikanishwa kwa resini na kugandamizwa juu ya bamba la chuma. Kazi yake ni kugeuza mwendo kuwa joto. Joto likipita kiwango chake, resini huanza kuungua na kutoa gesi, na msuguano unashuka wakati ule ule unapouhitaji zaidi. Mguuni pedeli utaikuta ngumu kama kawaida, ila gari halipunguzi mwendo.

Kwenye ukingo wa pedi nyingi za kuaminika, mwishoni mwa mstari wa namba na maandishi, kuna herufi mbili zinazofuatana. Ya kwanza inaeleza msuguano pedi ikiwa katika joto la kawaida, ya pili ikiwa imepata moto. E ni kati ya 0.25 na 0.35, F ni kati ya 0.35 na 0.45, na G inapanda kutoka hapo hadi 0.55. Pedi iliyoandikwa FF inakwambia kwamba ikiwa moto bado iko katika daraja lile lile. Iliyoandikwa FE inakiri kwamba ikipata moto itashuka daraja. Mwenye teksi ya mjini anaweza kuishi na FE miaka mingi bila kujua. Anayeshuka Usambara na mzigo aangalie hiyo herufi ya pili kwanza. Herufi hizi si cheti cha ubora, maana mwenye kughushi boksi hashindwi kughushi herufi, lakini pedi isiyo na herufi wala namba yoyote inakuwa imeshajieleza. Zile zilizofungwa Korogwe ubavuni hazikuwa na kitu.

Barabara ya kutoka Lushoto kupitia Soni hadi Mombo ni kama kilomita 33, na katika hizo unashuka takriban mita 1,000. Alasiri ya ajali dereva alikuwa na utingo wake, na pikapu ilikuwa na magunia kumi na mawili ya viazi. Nimeandika magunia kwa sababu ndivyo alivyohesabu yeye, kilo hakuhesabu. Yalikuwa ya lumbesa, yameshonwa na kilemba juu, na lumbesa moja inapita kilo mia bila shida. Hilux ya namna ile imetengenezwa kubeba kama tani moja. Yeye alikuwa na karibu tani moja na nusu, na gari zima, mzigo na watu, lilikaribia tani tatu.

Tupige hesabu kidogo. Tani tatu zikishuka mita 1,000 zinaachia nishati ya karibu megajuli 29. Kulisimamisha gari hilo hilo kutoka mwendo wa kilomita 80 kwa saa hadi sifuri kunahitaji megajuli 0.74 hivi. Kwa hiyo kushuka kutoka Lushoto hadi Mombo ni sawa na kusimama ghafla kutoka kilomita 80 mara 40, huku disiki zikipata nafasi ndogo ya kupoa katikati. Ni joto la kutosha kuchemsha zaidi ya lita 80 za maji ya bomba. Upepo na msuguano wa matairi huchukua sehemu, na injini ikiwa kwenye gia ndogo huchukua sehemu kubwa zaidi. Kinachobaki kinaingia kwenye disiki mbili za mbele na ngoma mbili za nyuma. Jaribio la gereji lilipima vituo viwili kati ya hivyo arobaini, tena gari likiwa tupu.

Madereva wa zamani wana kanuni yao: mlima unashukwa kwa gia uliyoupandia. Yeye alishuka na gia ya nne, akiionea injini huruma, mguu umelala kidogo juu ya breki muda wote. Hadi Soni hakukuwa na tatizo. Walipoyapita maporomoko ya maji, pale barabara inapoanza kujipinda kufuata bonde, utingo alisikia harufu ya kuungua. Akadhani ni lori la mbele. Kona iliyofuata dereva alikanyaga, pedeli ikawa ngumu, gari halikubali. Akaongeza nguvu, likapungua kwa shingo upande. Kona mbili mbele pedeli ikaanza kuzama, na mara ya tatu ikalala sakafuni bila kupinga. Akapampu, haikurudi. Akavuta breki ya mkono, akalazimisha gia ya tatu, kisha ya pili, injini ikapiga yowe, na alipoona kona inayokuja haiwezekani akalielekeza gari kwenye ukingo wa upande wa mlima badala ya upande wa bonde. Uamuzi huo ndio uliowaokoa. Utingo alivunjika mkono. Bonneti ilikunjika, rejeta ikapasuka, na viazi vikatawanyika barabarani ambako waliokuja kuviokota waliwahi kuliko waliokuja kusaidia.

Gari lilivutwa hadi Mombo, na fundi mwingine, mzee wa makamo asiyependa maneno mengi, akalifungua mbele ya mwenyewe.

Disiki zilikuwa na rangi ya bluu iliyoingia zambarau, alama ya chuma kilichopata moto kupita kiasi. Akasugua kutu pembeni kwa brashi ya waya yakatokea maandishi ya mtengenezaji: kikomo cha unene, milimita 23. Zikiwa mpya zilikuwa 25. Akapima kwa venia akapata chini ya 22. Tona alizichonga hadi zikang'aa, na katika kuondoa mifereji akaondoa chuma ambacho kingehifadhi lile joto. Disiki ni ghala la joto. Ikipunguzwa unene inafika kwenye joto la hatari mapema zaidi, na inapasuka kwa urahisi zaidi.

Pedi zilikuwa zimeota kioo usoni. Moja ilianza kubanduka kwenye bamba lake, na mzee alipoigusa kwa ncha ya bisibisi ikamomonyoka.

"Mwanangu, tazama na hii," akasema, akishika pini ya kalipa ya kushoto. Ilikuwa imeganda kwa kutu. Kalipa haikuwa ikiteleza, kwa hiyo pedi ya ndani ilifanya kazi peke yake na kuisha haraka kuliko mwenzake. Anayefunga pedi mpya bila kuvua pini hizo, kuzisafisha na kuzipaka grisi inayostahimili joto amefanya nusu ya kazi. Kisha akamwonyesha mafuta ya breki, meusi. Mafuta hayo hunyonya unyevu wa hewani mwaka hadi mwaka. DOT 3, daraja mojawapo la mafuta hayo, ikiwa mpya na kavu haichemki kabla ya nyuzi 205 za Selsiasi. Ikishanyonya maji kiwango chake kinaweza kushuka hadi 140. Yakichemka kwenye kalipa yanatoa mvuke, na mvuke unagandamizika. Ndiyo maana pedeli ilizama. Yale ya kwanza, pedeli ngumu na gari lisilosimama, yalikuwa ya pedi; haya ya pili yalikuwa ya mafuta. Dereva akizijua dalili hizo mbili anajua nini kimemwacha njiani.

La mwisho hakulitarajia mtu. Nyuma ya Hilux nyingi za kazi kuna valvu inayopima jinsi bodi ilivyoshuka kwa mzigo, ikizidisha nguvu ya breki za nyuma gari likilemewa. Yeye alikuwa ameongeza majani mawili kwenye springi ili gari lisikae chini. Bodi haikushuka, valvu ikadhani gari ni tupu, na kazi yote ikaachiwa zile disiki nyembamba za mbele.

Ushauri wa vijiweni baada ya kisa kama hiki huwa ni mmoja: nunua orijino. Siuoni kama unasaidia, kwa sababu pedi zilizomwangusha ziliuzwa kama orijino. Nembo ya kiwanda cha gari hughushiwa sana, maana inalipa. Mimi naona ni afadhali pedi ya kampuni ya pedi inayojulikana, inayouza kwa jina lake yenyewe kupitia wakala mwenye duka na risiti, kuliko "orijino" ya theluthi ya bei. Pedi zilizothibitishwa kwa kanuni ya Ulaya, R90, huwa na alama ya E ndani ya duara pamoja na namba ya idhini, kwenye boksi na kwenye pedi yenyewe. Linganisha hizo mbili. Tazama kama namba kwenye bamba ni safi, kama pedi nne zina unene mmoja, kama ukingo haumeguki kwa kucha.

Kuhusu aina: pedi za seramiki ni kimya na hazichafui rimu, na nyingi zimekusudiwa gari dogo la mjini. Kwa pikapu ya mzigo na mlima, zenye chuma kwa wingi, zile zinazoitwa nusu chuma, huhimili joto vizuri zaidi, ingawa zinalia kidogo asubuhi na zinaila disiki haraka. Kelele hiyo ivumilie. Disiki zenye matundu zinazopendwa na vijana sioni kazi yake hapa. Kila tundu ni chuma kilichoondolewa na ni mahali pa ufa kuanzia. Chukua disiki nzima, ya kawaida, yenye unene wa kiwandani, na zibadilishwe zote mbili, kushoto na kulia. Kabla ya kuifunga, kutu iliyo kwenye habu isuguliwe hadi chuma kionekane, la sivyo disiki itakaa upande na usukani utatetemeka ukikanyaga. Halafu pedi zizoeshwe: vituo kadhaa vya wastani kwenye barabara tupu, ukiziacha zipoe katikati, kabla hujapakia gunia la kwanza.

Tatizo la breki na mteremko si la jana. Mwaka 1897 Herbert Frood alianza kutengeneza vitambaa vya breki kwa ajili ya mikokoteni ya farasi iliyokuwa ikishindwa kushuka salama vilima vya Derbyshire, Uingereza. Kampuni yake ya breki ndiyo Ferodo.

Fundi wa kwanza bado ana gereji yake, na kwa haki alimtajia mteja njia zote mbili. Alichokosa ni kuuliza swali moja: gari hili linafanya kazi wapi? Mteja naye hakusema. Basi wewe mwenye pikapu inayoshuka mlima wiki hii, sema, hata usipoulizwa. Mwambie fundi avue tairi za mbele, asugue pembeni mwa disiki mpaka namba ya kikomo isomeke, na apime ukiwa umesimama hapo. Mafuta ya breki yatoke kwenye kopo litakalofunguliwa mbele ya macho yako.