Gesti ya Vyumba Kumi na Viwili

Makambako ni mji uliozaliwa na njia. Barabara kuu ya kwenda Zambia inapita hapo, barabara ya Njombe na Songea inaanzia hapo, na reli ya TAZARA, iliyoanza kujengwa 1970 na kukabidhiwa 1976, imeweka stesheni yake hapo hapo. Watu wa njia panda huishi kwa kile kinachopita. Ugonjwa wao mkubwa ni kuamini kwamba kila kinachosemwa kuwa kinakuja, lazima kitapita mlangoni kwao. Nitamsimulia mtu mmoja wa mtaa wetu aliyeupata ugonjwa huo, ili anayesikia leo habari za mradi wa makaa ya mawe wa Mchuchuma apime kwanza kabla ya kutia mkono mfukoni.

Mtaa niliokulia ulikuwa wa makuli, madereva, wapagazi wa stesheni na mafundi wa mashine za mbao. Asubuhi za Juni, baridi ikiuma mpaka kwenye meno, tuliwakuta mama zetu wameshajifunga khanga juu ya masweta na kubeba mabeseni ya viazi vya kuchemsha kuwahi treni ya abiria. Treni ikisimama, biashara ilikuwa ya dakika chache: mkono unatoka dirishani na noti, viazi vinaingia, chenji inarushwa behewa likiwa limeshaanza kutembea. Jioni baba zetu walirudi na vumbi la mbao kwenye nyusi. Masika yakifika, ulanzi, pombe ya mianzi, ulishushwa kutoka vijijini kwa madumu, na kelele za vilabuni zilitufikia tukiwa kitandani.

Hakukuwa na tajiri mtaani, lakini hatukulala njaa, na sababu yake naijua sasa. Karibu kila nyumba ilikuwa na shamba kijijini, upande wa Njombe au Wanging'ombe. Mshahara ulilipa ada na mafuta ya taa. Shamba lilileta mahindi, maharage na viazi. Mashine ya mbao ikisimama mwezi mzima kwa kukosa kipuri, watu walinung'unika, kisha wakachukua majembe wakaenda kupalilia. Aliyeuza shamba lake alizungumzwa kwa sauti ya chini, kama mtu aliyefiwa.

Nyumba ya tatu kutoka kwetu aliishi fundi wa msumeno ambaye watoto wote wa mtaa tulimwita Baba Mkubwa. Mkono wake wa kushoto ulikuwa na vidole vitatu. Viwili vilikwenda na msumeno. Alikuwa mtu wa hesabu. Akitaka kuhesabu zaidi ya nane, alianza na mkono wa kulia, akamaliza vitatu vya kushoto, halafu akamwambia aliye karibu, "Nikopeshe vidole." Tulicheka, tukampa. Alikuwa na ekari nne kijijini kwao, nusu akilima viazi na mahindi, nusu ameotesha mipaina iliyokuwa na miaka sita. Paina ya kupasua mbao nzuri huhitaji zaidi ya mara mbili ya miaka hiyo. Alijua hivyo kuliko mtu yeyote, maana maisha yake yote alipasua magogo ya watu wengine.

Septemba 2011 Shirika la Maendeleo la Taifa, NDC, na kampuni ya Sichuan Hongda ya China walisaini mkataba wa kuchimba makaa ya mawe ya Mchuchuma na chuma cha Liganga, wilayani Ludewa. Habari zilitufikia kwa redio, na takwimu zake zililevya kuliko ulanzi: uwekezaji wa dola bilioni 3, makaa tani milioni 428, chuma tani milioni 126, mtambo wa umeme wa megawati 600. Hakuna aliyetudanganya kuhusu kilichomo ardhini. Makaa yapo, chuma kipo, wataalamu walipima. Tulijidanganya wenyewe katika hatua iliyofuata, pale tulipogeuza tani za ardhini kuwa wageni wa kulala kwetu.

Madalali wakaamka. Kiwanja kilichokuwa kikiuzwa kwa bei ya ng'ombe kikapanda bei kila wiki, na kila muuzaji alitaja Mchuchuma kabla ya kutaja urefu na upana. Baba Mkubwa akahesabu: wahandisi, madereva, Wachina, wafanyabiashara, wote hao watahitaji kulala. Akaamua kujenga gesti ya vyumba kumi na viwili. Mkewe, Mama Mkubwa, alimwuliza swali moja tu, "Mzee, na sisi tutakula nini mpaka hao wageni wafike?" Akajibu kuwa mwanamke haelewi mambo ya uwekezaji.

Akauza ekari zote nne, pamoja na mipaina ile michanga, kwa Mkinga mmoja mwenye duka la vifaa. Fedha ikainua kuta. Ilipokwisha, akakopa kwa kuweka dhamana nyumba aliyokuwa akiishi.

Nilikwenda likizo nikamkuta anasimamia mafundi.

"Shikamoo, Baba Mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Kamwene! Umeona kazi?"

Nikaisifu, maana kuta zilikuwa zimenyooka. Kisha nikauliza makaa yakichimbwa yatapita njia gani kwenda bandarini.

"Yapite wapi tena? Reli hii hapa, lami ile pale."

Jibu lilikuwa na mantiki yote ya mtu wa njia panda. Kasoro yake ni moja: mipango ya serikali ilikuwa ikitaja njia nyingine. Reli iliyokuwa ikizungumzwa kwa ajili ya migodi hiyo ni ya kutoka Bandari ya Mtwara hadi Mbamba Bay kwenye Ziwa Nyasa, ikiwa na matawi ya kwenda Mchuchuma na Liganga. Ramani yake haigusi Makambako. Habari hiyo ilikuwa wazi, inatajwa bungeni na kuandikwa magazetini, na mtu aliyeuza ekari nne hakuuliza hata siku moja.

Hata reli yetu wenyewe ilikuwa imeshatoa onyo. TAZARA ilijengwa ikitazamiwa kubeba tani milioni 2 kwa mwaka; mwaka wa fedha 2014/15 ilibeba tani 88,000 hivi. Makuli wa mtaa wetu hawakusoma taarifa hizo, walizijua kwa migongo: siku za kubeba zilipungua, siku za kukaa kijiweni zikaongezeka. Kama reli iliyokwisha kujengwa, yenye injini na mataruma, inaweza kupungukiwa mzigo kiasi hicho, mgodi ambao bado uko kwenye karatasi unastahili subira ya namna gani?

Miaka ikaliwa na mazungumzo ya vivutio vya kodi na masharti ya mkataba. Mwaka 2017 Bunge likatunga sheria zilizofungua mlango wa kuangalia upya mikataba ya maliasili. Hata fidia za wananchi wa maeneo ya Mchuchuma na Liganga, zaidi ya shilingi bilioni 15, zilianza kulipwa mwaka 2023. Huyo aliyelipwa alikuwa na madai halali, ardhi yake imepimwa na jina lake limeandikwa, na bado alisubiri zaidi ya miaka kumi. Baba Mkubwa hakuwa kwenye orodha yoyote. Hakuna mtu aliyemwahidi kitu; ahadi alijipa mwenyewe.

Vyumba vinne viliezekwa. Vinane vikaishia kwenye lenta, vikawa pagale linaloota magugu na kukusanya watoto watoro. Aliuza mabati aliyokuwa ameyaweka akiba ili alipe mkopo, akauza na milango, nyumba ikanusurika kupigwa mnada. Vile vinne akavipangisha kwa mwezi kwa vijana wapakia mbao, kwa kodi ambayo haikufikia hata nusu ya alichokuwa akivuna shambani. Lililomuuma zaidi ni viazi. Kila msimu Mama Mkubwa alinunua debe la viazi sokoni, na mara nyingine muuzaji alikuwa ni Mkinga yule yule, na viazi vimetoka katika udongo ule ule. Mipaina nayo ilikua. Ilipovunwa, magogo yaliletwa kwenye mashine aliyokuwa akifanyia kazi, na yeye ndiye aliyeyapasua, kwa ujira wa kutwa.

Wazee husema usiache mbachao kwa msala upitao. Baba Mkubwa aliacha mbacha kwa msala ambao haukuwa hata umepita. Alikuwa amesikia tu kwamba unafumwa.

Simsimulii ili achekwe. Alikuwa mchapakazi, hakunywa kupita kiasi, na nia yake ilikuwa watoto wake wasipoteze vidole kama yeye. Ndiyo maana kisa chake kinafaa kwa watu wenye akili timamu. Namsimulia pia kwa sababu soko la tamaa halijafungwa. Mchuchuma imeanza tena kusikika. Septemba 2024 huko Beijing kulisainiwa makubaliano ya kuifufua TAZARA mbele ya marais wa Tanzania, Zambia na China. Na Njombe nzima imeshikwa na parachichi, kiasi kwamba kuna wanaong'oa kila kitu ili wapande zao hilo moja. Huenda yote yakafanikiwa, nami naomba yafanikiwe. Makaa yatachimbwa siku moja, na atakayekuwa na cha kuuza siku hiyo ni yule aliyekuwa akila vizuri wakati wa kusubiri.

Kwa hiyo, kijana wa Ludewa, wa Njombe au wa Makambako, dalali akikujia na jina la mradi mkubwa, muulize mambo matatu. Mzigo utapita njia gani? Fedha ya mradi imeshaingia, au zimeingia sahihi tu? Na mimi, mradi ukichelewa miaka kumi, nitakula wapi? Akikujibu mawili ya kwanza vizuri, jibu la tatu usimwachie yeye, liwe mikononi mwako: shamba, mifugo, ufundi, chochote kisichohitaji mkataba wa mtu mwingine. Ukitaka kujenga gesti, jenga chumba kimoja kwa faida ya msimu, kikilaliwa ongeza cha pili. Na mkeo akikuuliza mtakula nini, simamisha fundi, ukae chini umjibu.