Nani Anadaiwa na Ziwa Tanganyika?

Wengi wetu hapa Guildford tumewahi kupita kwenye njia ya baiskeli inayotoka Pipehead kuelekea Bwawa la Prospect. Njia hiyo inafuata mfereji wa zamani. Tangu mwaka 1888 hadi miaka ya 1990 maji ya Sydney yalipita humo yakishuka kwa mteremko tu, bila pampu. Mimi ni mhandisi, mnisamehe nikisema kuwa naupenda mfereji ule kuliko Opera House.

Nilikuwa natembea hapo Jumapili moja mwaka 2024, kaka yangu akanipigia simu kutoka Kigoma. Yeye ni mvuvi wa dagaa tangu ujana. Mwaka ule Tanzania ilifunga uvuvi katika Ziwa Tanganyika kwa miezi mitatu, kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, ili samaki wazaliane. Alikuwa anaomba fedha ya ada ya watoto. Nikamwambia nitatuma, kisha, kama ilivyo desturi yetu sisi tunaotuma fedha, nikaongeza hotuba. Nikasema, "Lakini kaka, ziwa mmelimaliza wenyewe. Makokoro, nyavu za macho madogo, mlitegemea nini?"

Akanyamaza kidogo. "Mdogo wangu, wewe ndiye uliyesoma. Hebu niambie, ni nyavu zangu zilizopasha maji moto?"

Nilikuwa na jibu, na ndiyo maana niliona aibu. Ziwa lile lina kina cha karibu mita 1,470, lakini samaki wanaishi kwenye tabaka la juu tu. Chini ya hapo hakuna oksijeni, kuna gesi inayonuka kama yai viza. Huko chini ndiko iliko ghala ya mbolea, kwa sababu kila kinachokufa juu huzama. Upepo wa kusini, unaovuma kati ya Mei na Septemba, huyasukuma maji ya juu kwenda kaskazini, na maji baridi ya chini yakapanda upande wa Mpulungu, yakileta mbolea hiyo. Mwani mdogo usioonekana kwa macho hustawi, vijidudu huula, dagaa hula vijidudu, na migebuka hula dagaa.

Sasa pasha moto maji ya juu. Yanakuwa mepesi, yanaelea juu ya maji ya chini kama mafuta ya kula, na upepo unashindwa kuyachanganya. Katika maji yenye joto kama ya kwetu, tofauti ya nyuzi moja tu inatosha kuleta kizuizi kikubwa kuliko katika ziwa baridi la Ulaya. Mwaka 2003 makundi mawili ya wanasayansi yalichapisha matokeo yao, kila moja peke yake: ziwa limepata joto na kuchanganyika kwake kumepungua. Kundi moja lilikadiria kuwa uzalishaji umeshuka kwa asilimia 20 hivi. Mwaka 2016 wengine waliosoma tope la chini ya ziwa walionyesha kuwa samaki walianza kupungua kabla ya uvuvi mkubwa wa kibiashara wa miaka ya 1950. Na maji yaliyopungukiwa mwani huonekana maangavu zaidi. Mgeni atayasifu.

Sisemi kwamba makokoro hayana kosa. Yanalo, na kaka analijua. Lakini nilimbebesha deni zima.

Hapa Sydney joto hilohilo linatufikia, ila tuna uwezo wa kulikabili. Wanaokumbuka mwaka 1998 wanajua tulivyochemsha maji kwa wiki kadhaa, watu wapatao milioni tatu, kwa sababu ya vijidudu vya Giardia na Cryptosporidium. Mwaka 2020, baada ya moto mkubwa wa msituni, mvua ilitishia kusomba majivu hadi Bwawa la Warragamba. Wakatandaza vizuizi vya kuelea, wakachuja, na bomba la jikoni kwangu halikubadilika hata rangi. Ziwa Tanganyika lilipofurika mwaka 2020 na 2021, na tena mwaka 2024, nyumba za Gatumba zilizama. Choo cha shimo kikizama na kisima nacho kimezama, utachuja na nini? Watu wa Uvira wanaosoma gazeti hili hawahitaji kuelezwa kipindupindu.

Kuna jambo sikumwambia kaka. Kuanzia mwaka 2004 hadi 2010 nilifanya kazi Hunter Valley, nikipiga hesabu za pampu za kutoa maji kwenye migodi ya makaa ya mawe. Makaa hayo yalisafirishwa kupitia bandari ya Newcastle. Nilikuwa nimeshasoma yale ya mwaka 2003. Mshahara ule ndio ulionunua injini ya mtumbwi wa kaka.

Nimejitetea mara nyingi: sehemu yangu ni ndogo mno, na kama si mimi, mwingine angeifanya kazi ile. Lakini hayo ndiyo maneno ya mwenye kokoro. Naye husema samaki wake ni wachache, na asipovuta yeye, jirani atavuta. Kwake niliyakataa, kwangu niliyapokea, ingawa yeye hana kazi nyingine na mimi nilikuwa na shahada ya Ulaya mkononi.

Ndiyo maana nafikiri tunakosea tunapoita fedha tunazotuma "msaada". Anayetoa msaada hujiona ana haki ya kuhutubia. Anayelipa deni hulipa akanyamaza. Tatizo ni kwamba mimi namlipa kaka tu, kwa sababu ni kaka. Mvuvi wa Mpulungu asiye na ndugu Guildford analipwa na nani? Hapo hesabu yangu inagoma, na sijaona serikali wala kampuni iliyoipiga ikamaliza.

Ada niliituma Jumatatu, bila neno. Mwanzoni mwa Septemba, usiku wa giza uliporudi, kaka akapiga simu. Walikuwa wamepata ndoo tatu. Nikamwuliza upepo ukoje.

"Mwaka huu umechelewa," akasema. Kisha nikamweleza habari za Hunter Valley.