Kuomba Kilicho Chako

Kiswahili kimetupa neno "naomba" kwa kila shughuli. Tunaomba chumvi mezani, tunaomba kupita kwenye daladala, tunaomba maji dukani huku noti tumeishika mkononi. Ni adabu tu, na hakuna anayedhani kwamba mwenye duka anatoa sadaka. Lakini lipo ombi moja ambalo siku hizi linanisumbua kila ninapolisikia: "Dada, naomba unisaidie kunirudishia hela yangu." Anayelitamka ni mtu aliyelipia kitu mtandaoni, akasubiri, na kitu chenyewe kisifike. Hapo "naomba" imeacha kuwa adabu. Anayedai ndiye amepiga magoti, anayedaiwa ndiye amekaa kwenye kiti.

Je, kumrudishia mtu pesa ya kitu ambacho hakikumfikia ni hisani au ni deni? Na kama ni deni, ni la nani pale ambapo hakuna mwizi?

Nasisitiza hilo la mwizi kwa sababu utapeli, pamoja na maumivu yake yote, ni swali jepesi. Aliyepokea pesa bila kuwa na bidhaa wala nia ya kuituma ameiba, na hakuna haja ya insha kusema hivyo. Ugumu unaanza pale muuzaji anapokuwa mkweli.

Mwalimu mmoja wa sekondari ninayemfahamu, anayeishi Mbinga, aliagiza gauni kwa binti anayeuza nguo Instagram kutokea Kariakoo. Bei ilikuwa shilingi 85,000, nauli ya basi mbali. Gauni lilikuwa la sendofu ya mdogo wake, Jumamosi ya wiki hiyo. Jumatatu akalipa kwa simu, na ujumbe wa kuthibitisha ukaingia palepale. Jumanne muuzaji akaupeleka mfuko stendi, jina na namba ya mpokeaji zimeandikwa juu kwa maka peni, akapiga picha risiti ya basi na kuituma WhatsApp. Basi likafika, mfuko haumo. Kondakta akasema ulishushwa Songea. Songea wakasema hawajashusha kitu. Ofisi ya basi ikasema wasubiri. Jumamosi ikafika, na mwalimu akaenda kwenye sendofu na gauni la kuazima.

Aliniruhusu niyasome mazungumzo yao yote. Kilichonigusa ni jinsi sauti ya mwalimu ilivyokuwa ikishuka. Wiki ya kwanza anauliza, "Mzigo wangu umefikia wapi?" Wiki ya pili, "Samahani kwa usumbufu, naomba kuulizia." Wiki ya nne, "Basi nisaidie hata nusu." Muuzaji naye alianza na "Pole sana mpenzi, ngoja nifuatilie", akaishia na haya: "Mimi nilituma na risiti unayo, ongea na watu wa basi. Halafu kwenye ukurasa wangu nimeandika, mali ikishauzwa hairudishwi."

Maneno hayo sote tumekua nayo, yamebandikwa ukutani kwenye maduka. Na dukani yana maana. Umeligusa gauni, umelijaribu, umejitazama kwenye kioo, umekubali. Ukirudi kesho kusema rangi imekuchosha, mwenye duka ana haki ya kukuonyesha bango. Lakini bango linategemea neno "ikishauzwa". Kitu ambacho hakijawahi kufika mkononi mwa mnunuzi, kimeshauzwa?

Binadamu wamelijibu swali hilo kwa namna zinazopingana. Wanasheria wa Roma ya kale walisema kwamba mauzo yakishakamilika, hasara ni ya mnunuzi hata kama kitu bado kiko kwa muuzaji. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1893 ilisema hatari huhama pamoja na umiliki, na kwamba kumkabidhi msafirishaji huhesabiwa, kwa kawaida, kuwa umeshamkabidhi mnunuzi, isipokuwa kama wenyewe wamepatana vingine. Sheria hiyo ndiyo iliyozaa sheria zetu za uuzaji wa bidhaa, Sura ya 214 kwa Tanzania na Sura ya 31 kwa Kenya. Kwa hiyo yule binti wa Kariakoo aliposema "mimi nilituma", hakuwa amebuni kisingizio. Alikuwa na zaidi ya karne moja nyuma yake.

Ila tukumbuke sheria ile iliwafikiria akina nani. Iliwafikiria wafanyabiashara wawili wanaouziana marobota ya pamba, kila mmoja na karani wake na bima yake. Haikumfikiria mwalimu na gauni moja. Ndiyo maana Waingereza wenyewe, katika sheria yao ya haki za walaji ya mwaka 2015, wanasema kwamba mtu wa kawaida anaponunua kwa mfanyabiashara, hatari hubaki kwa muuzaji mpaka bidhaa ifike mikononi mwa mnunuzi. Marekani nako, tangu mwaka 1975, enzi za kuagiza vitu kwa posta, muuzaji anayeshindwa kutuma bidhaa kwa wakati anatakiwa ampe mnunuzi nafasi ya kuchagua: asubiri au arudishiwe pesa yake.

Lakini hatuna haja ya kwenda mbali hivyo. Katika fikihi ya Kishafii, ambayo Waislamu wengi wa pwani ya Afrika Mashariki wameifuata kwa karne nyingi, kitu kilichouzwa hubaki katika dhamana ya muuzaji mpaka mnunuzi akipokee. Kikiangamia kabla ya hapo, mauzo yanavunjika na bei inarudi. Na tazama maneno yenyewe. "Dhamana" tumeipata kwenye Kiarabu, na "kabidhi" vilevile, kutoka neno lenye maana ya kushika, kutwaa kwa mkono. Kila tunaposema mtu amekabidhiwa kitu, tunasema kuwa mkono wake umekishika. Mwalimu wa Mbinga hakukabidhiwa gauni. Alikabidhiwa picha ya risiti.

Tuache maneno, tupige hesabu. Tuseme binti alilinunua gauni lile kwa bei ya jumla, shilingi 60,000. Gauni limepotea, na hasara haiwezi kuyeyuka. Lazima ikae kwa mtu. Ikikaa kwa muuzaji, amepoteza 60,000 aliyonunulia, na nauli kama ataibeba. Ikikaa kwa mnunuzi, amepoteza 85,000 pamoja na nauli, na muuzaji ana faida yake ya 25,000 ileile, kana kwamba gauni limevaliwa na kupigiwa makofi. Anakuwa amepata faida kwenye kitu ambacho hakuna mtu aliyekipata. Sijui hoja ya maadili inayoweza kulihalalisha hilo, hata kama kila alichosema kuhusu basi ni kweli.

Kuna sababu nyingine iliyo wazi kuliko hesabu. Nani alilichagua basi? Nani alisimama kwenye dirisha la mizigo, akalipa, akakatiwa risiti? Mwalimu hana mkataba na mtu yeyote pale stendi. Yuko zaidi ya kilomita 900 kutoka kwenye ofisi anayoambiwa akaongee nayo. Binti yuko safari ya daladala moja au mbili. Kama kuna mtu anayeweza kugonga meza na kusema "mzigo wangu uko wapi", ni yeye, na wiki ijayo ni yeye tena anayeweza kuamua kutumia basi jingine. Hasara ikimkalia asiyeweza kufanya lolote, haimfundishi mtu.

Najua jibu litakalokuja. Binti huyo si kampuni. Huenda mtaji wake wote ni laki tatu, umechangwa na mama na shangazi, na gauni moja kupotea ni mwezi kuharibika. Halafu wapo wanunuzi waongo, waliopokea mzigo na kuapa kuwa hawajauona. Yote ni kweli. Mnunuzi naye ana wajibu wake: atoe namba sahihi, apokee simu ya kondakta, asubiri kwa kiasi, na aseme kweli. Lakini umaskini wa mdaiwa haujawahi kuligeuza deni kuwa zawadi. Unachoweza kubadilisha ni namna ya kulipa. "Nitakupa elfu ishirini kila mwisho wa wiki" ni jibu la mtu maskini mwenye heshima. "Ongea na watu wa basi" ni jibu la mtu aliyeamua kuwa umaskini wa mwenzake ni mwepesi kuliko wake.

Kwingine tatizo hili walilitafutia mashine. China, mwaka 2004, Alipay ilijengwa juu ya wazo dogo: pesa ya mnunuzi ikae katikati, isimfikie muuzaji mpaka mnunuzi athibitishe kuwa mzigo umefika. Sisi tulianza na upande mwingine. M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007, na Tanzania mwaka uliofuata, ilitatua tatizo la kufikisha pesa, na ikalitatua vizuri kupita matarajio. Pesa inafika kwa sekunde. Gauni linasafiri kwa mwendo wa basi. Kati ya sekunde na basi kuna usiku mzima ambamo mtu mmoja ana vyote viwili, pesa na mzigo, na mwingine ana ahadi tu. Na kwa shilingi 85,000 hakuna atakayefungua kesi. Ulinzi pekee uliobaki ni kile ambacho wahenga walikiita kwa jina lake: ahadi ni deni.

Marafiki wa mwalimu walimshauri amwanike binti yule mtandaoni, picha yake na namba yake, na neno TAPELI kwa herufi kubwa. Alikataa, na nadhani alifanya vyema. Neno lile lingekuwa uongo. Lingemweka kapu moja na wezi mtu aliyeutuma mzigo kweli, na mtu akishaitwa mwizi kwa kosa asilolifanya, anapata sababu nzuri ya kusahau lile alilolifanya. Jina lake sahihi ni mdaiwa. Ni jina lisilo na matusi, na halimwachii mlango wa kutokea.

Mwishowe binti alituma shilingi 40,000. Mwalimu akajibu, "Asante sana, Mungu akubariki, umenisaidia sana." Niliisoma mara mbili. Alikuwa anamshukuru mtu kwa kumpa sehemu ya pesa yake mwenyewe, na iliyobaki ikafa kimyakimya, kwa sababu aliyesaidiwa haendi tena kudai. Hapo ndipo neno "kusaidia" linapofanya kazi yake mbaya. Na hata zingerudi zote, Jumamosi ile isingerudi. Kurudisha pesa ni kiwango cha chini kabisa cha haki. Juu yake bado kuna samahani inayodaiwa, na haikutolewa.

Sitaki tuache adabu yetu. Inawezekana kudai bila kutukana na bila kupiga magoti: "Nilikulipa 85,000 tarehe tano. Gauni sijakabidhiwa. Nakudai." Jibu la haki ni fupi zaidi: "Ni kweli, unanidai." Mwenye kulitamka hilo, hata kama mfukoni hana kitu, ameshaanza kulipa.