Baiskeli Isiyo na Mzigo

Je, kuna ubaya wowote mtu kustarehe katika nchi ambayo wenzake wanaitolea jasho? Swali ni la zamani, lakini mimi lilinijia kwa njia ya baiskeli. Kusini mwa Uhispania, katika vilima vya Andalusia, kuna njia iitwayo Vía Verde del Aceite, yaani Njia ya Kijani ya Mafuta. Inaanzia mji wa Jaén hadi Puente Genil, kilomita zipatazo 128, na imetengwa kwa ajili ya watembea kwa miguu na waendesha baiskeli. Mwaka jana nilikuwa huko kwa muhula mmoja kama mwanafunzi wa kubadilishana, na mwezi Desemba nikakodi baiskeli, nikaipita njia hiyo kwa siku mbili. Dai ninalolitetea katika insha hii ni moja: starehe ile si dhambi, lakini ina deni, na deni lenyewe hulipwa kwa kumpa mwenye mzigo njia salama.

Kwanza tuielewe njia yenyewe. Hapo zamani ilikuwa reli, iliyojengwa mwishoni mwa karne ya 19 kwa ajili ya kusafirisha mafuta ya zeituni na madini kuelekea pwani. Watu waliita garimoshi lake Treni ya Mafuta. Reli ilifungwa katika miaka ya 1980, vyuma vikang’olewa, na baadaye sehemu kubwa ikamwagwa changarawe na kushindiliwa. Tangu mwaka 1993 Uhispania ina mpango wa kitaifa wa kuzigeuza reli zilizokufa kuwa njia za namna hii. Kwa kuwa garimoshi haliwezi kupanda mlima mkali, njia hupanda na kushuka taratibu, hata mtu asiye mwanariadha huimudu. Mabonde huvukwa kwa madaraja ya chuma. Lile la mto Guadajoz lina urefu wa zaidi ya mita 200. Pande zote mbili ni mizeituni, safu kwa safu hadi upeo wa macho, kwani mkoa wa Jaén peke yake una mizeituni zaidi ya milioni 60. Unachosikia ni changarawe chini ya magurudumu na ndege. Mara mojamoja trekta la mkulima hukatiza mbele yako, kisha kimya hurudi.

Nilipofika nyumbani Burundi, nilimwonyesha mjomba wangu picha za safari. Mjomba alibeba ndizi kwa baiskeli kwa miaka kumi na miwili, katika barabara iteremkayo kutoka Bugarama hadi Bujumbura. Wanaoijua barabara hiyo wanajua kazi yake. Ni mteremko wa zaidi ya mita 1,000, kona juu ya kona. Kushuka, mikungu ya ndizi imefungwa nyuma na ubavuni mpaka baiskeli haionekani. Kupanda, lori ndilo injini: unashika sehemu ya nyuma kwa mkono mmoja, usukani kwa mkono wa pili, na roho yako unamwachia Mungu. Ukiteleza, gari linalofuata halina pa kukukwepea.

Mjomba alizitazama picha moja moja. Akaniuliza, “Ulikuwa umebeba nini, mjomba?”

“Sikubeba kitu, mjomba. Chupa ya maji na koti tu.”

Akatafakari kidogo, kisha akauliza, “Na malori yanapita wapi?”

Nikamwambia hayapiti. Hakuuliza tena.

Nimeyafikiria maswali hayo mawili kwa muda mrefu, na naona hayafanani. La kwanza linahusu thamani ya starehe. La pili linahusu haki.

Nianze na la kwanza. Kwa mtu aliyelelewa kama mimi, baiskeli ni chombo cha kazi, na kilomita 128 bila mzigo ni nguvu zilizopotea bure. Hata hivyo, mtazamo huu ukishikiliwa hadi mwisho unamdhalilisha mtu. Ukisema safari isiyo na mzigo haina maana, umesema mwendeshaji naye ni mzigo mwingine tu, kitu cha kupelekwa mahali kikalete faida. Aristotle alifundisha kwamba lengo la kazi ni kupata faragha, yaani wakati ambao mtu anaishi kwa ajili ya kilicho bora ndani yake. Nakubaliana naye hapo. Ninapotofautiana naye ni kwamba mji aliouona mbele ya macho yake ulikuwa na raia wachache wenye faragha na watumwa wengi waliowawezesha. Tukimwachia mtu mmoja kutafakari na mwingine kubeba, hatujaitetea starehe, tumeiba tu.

Hivyo swali halikwepeki: kimya cha vilima vile kimetengenezwa na nani? Nilipita katika msimu wa mavuno. Chini ya miti watu walitandika nyavu, wakapiga matawi kwa fimbo ndefu au kuyatikisa kwa mashine, wakaburuta nyavu zilizojaa zeituni. Katika mavuno ya Jaén wamo wenyeji, na wamo pia wahamiaji kutoka Morocco, Senegal na Mali. Kijana mmoja alinipungia mkono, nami nikampungia. Sote tulikuwa Waafrika katika bonde moja: yeye amepiga magoti, mimi nimekalia tandiko. Anga ya bluu niliyoifurahia ilikuwa na maana nyingine kwake, kwa sababu palipo na ukame hakuna kazi. Katika msimu wa 2022/23 ukame ulishusha mafuta ya Uhispania hadi chini ya nusu ya msimu uliotangulia. Mwaka 1937 mshairi Miguel Hernández alitunga shairi juu ya wakulima wa mizeituni wa Jaén, linalohoji miti ile ni mali ya nani hasa, mwenye ardhi au mwenye jasho. Mwaka 2012 shairi hilo lilifanywa wimbo rasmi wa mkoa. Swali limepewa heshima, lakini kuimba swali si kulijibu.

Wahenga wetu walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mwendesha baiskeli wa starehe ni mgeni wa ajabu: daima huondoka kabla ya siku ya tatu. Jembe halimfikii. Je, basi ana wajibu gani?

Wapo watakaosema wajibu wake ni kutumia fedha, basi. Baadhi ya stesheni za zamani zimekuwa mikahawa na mahali pa kukodi baiskeli, na vijiji ambavyo vingesahauliwa vinapata wateja. Hoja hii ina uzito, nami sitaki kuidharau; nilikula vizuri katika stesheni mojawapo na nililipa kwa furaha. Lakini fedha hununua mlo na malazi. Haziwezi kununua kile nilichopewa bure, yaani usalama wa kuendesha baiskeli siku mbili bila kugeuka nyuma hata mara moja kwa hofu. Usalama huo haukutoka mfukoni mwangu. Ulitokana na uamuzi wa watu wengi kwamba maisha ya anayepita pale yana thamani ya kujengewa njia.

Hapa ndipo swali la pili la mjomba linapouma. Malori yanapita wapi? Kule, aliye katika matembezi ametengewa njia yake na malori yamewekwa mbali naye. Kwetu, aliye kazini anashikilia lori lenyewe. Mwezi Machi 2022, baiskeli, pikipiki na bajaji zilipigwa marufuku katikati ya mji wa Bujumbura, na sababu iliyotajwa ilikuwa ajali. Ajali ni za kweli, sizikani. Lakini kuna namna mbili za kumkinga mtu na hatari: kuiondoa hatari njiani, au kumwondoa mtu. Kwa mtalii wa baiskeli dunia huchagua ya kwanza. Kwa mbeba ndizi huchagua ya pili, naye hurudi mlimani na mikungu yake, mbali na macho yetu.

Sisemi kila mlima ujengewe njia ya changarawe yenye madaraja. Nchi zetu zina mahitaji mengi. Ninachosema ni kuhusu utaratibu wa kugawa usalama. Barabara inapopanuliwa, ukingo wa mita moja na nusu kwa ajili ya baiskeli si pambo la kuongezwa fedha zikibaki. Ndio sehemu ya kwanza ya kuhesabiwa, kwa sababu anayeutumia ndiye asiye na bati wala mkanda wa kumlinda. Utu hauwezi kuanza na mwenye nafasi ya kupumzika ukamalizia kwa mwenye mzigo mgongoni.

Basi nikiulizwa kama ningeipita tena njia ile ya mizeituni, nitajibu ndiyo, bila kusitasita, na bila mzigo. Ila sasa najua kwamba kilichonipendeza zaidi kule hakikuwa mandhari. Ilikuwa ni kuona kwa macho yangu kwamba jambo linawezekana: watu wakiamua, mwendesha baiskeli anaweza kufika salama. Aliyekwisha kuona hivyo hana tena ruhusa ya kusema kwamba vifo vya barabarani Bugarama ni ajali tu.