Baba, Nenda Ukapimwe Nawe



Wapendwa wanandoa, leo nasema hasa na akina baba, nami nikiwa mmoja wenu. Miaka minne ya kwanza ya ndoa yetu hatukupata mtoto. Mama yangu alimwita mke wangu tasa, nami nikanyamaza. Alipokwenda hospitali aliambiwa arudi na bwana wake. Nilikataa. Nilijiona mzima kwa kuwa nguvu za kiume nilikuwa nazo.

Ndugu yangu, nguvu ni jambo moja na mbegu ni jambo lingine. Muumba ameziweka korodani nje ya tumbo kwa sababu mbegu hutengenezwa vizuri mahali penye joto dogo kuliko la mwili. Kazi hiyo huchukua karibu miezi miwili na nusu. Sigara, ulevi, matubwitubwi ya ukubwani au mishipa ya korodani iliyovimba huweza kuziharibu. Kisonono kisichotibiwa huweza kuziba mirija ya mume, na ya mke vilevile. Katika ndoa zisizopata mtoto, karibu nusu mume ana sehemu yake katika tatizo hilo.

Kwa hiyo, mkikaa mwaka mzima bila mimba, nendeni wote wawili. Mama akiwa amepita miaka 35, msingoje zaidi ya miezi 6. Jifunzeni pia siku za rutuba. Yai huishi muda usiozidi siku moja, lakini mbegu huweza kuishi hadi siku 5 mama anapotoa ute mwepesi unaovutika kama ute wa yai bichi. Kuhusu namna ya kupima mbegu bila kuvunja mafundisho ya Kanisa, mwulizeni padre wenu msione haya.

Someni kitabu cha kwanza cha Samweli, sura ya 1. Hana alichokozwa kwa kukosa mtoto, lakini Elkana mumewe hakumwacha, aliendelea kumpenda.

Mimi nilipokubali kupimwa, shida ilionekana ni yangu. Nilikwenda kwa mama yangu nikamwambia ukweli, mke wangu akiwa ameketi kando yangu. Hatukujaliwa kuzaa, ila leo tunalea binti tuliyemwasili, na nyumba yetu ina amani.

Baba, mkeo anabeba lawama ya nani? Mshike mkono, mwende pamoja. Mungu azibariki ndoa zenu.