Kiungo Kisicholalamika



Ndugu zangu, wengi wetu tumeitumia Aya ya 56 ya Suratun-Nisaa katika midahalo ya chuoni. Inataja watu wa Motoni kubadilishiwa ngozi, nasi hueleza kwamba vipokezi vya maumivu vimejaa katika ngozi, na ngozi ikiungua hadi ndani hufa pamoja navyo. Mwaka juzi niliisema hoja hiyo mbele ya ukumbi uliojaa, takbira zikapigwa. Wiki hiyo hiyo nikaenda likizo nyumbani, Bugarama.

Babu yangu ana kisukari. Siku moja kabla sijafika, kaa la moto liliingia kati ya unyayo wake wa kulia na kandambili, pale wanapochemshia chikichi za mawese. Hakushtuka. Aliendelea kusimama na kuzungumza na wenzake. Jioni tatu mfululizo nilimmiminia maji ya udhu kibarazani. Alipitisha mkono juu ya mguu, akasugua kati ya vidole, akaniombea dua. Majimaji yaliyokuwa kwenye kandambili aliyadhani ni ya udhu. Mimi nilikuwa na birika mkono mmoja, simu mkono wa pili. Siku ya nne mdogo wangu wa kike ndiye aliyesema kwamba chumba cha babu kinanuka.

Mguu ulikatwa chini ya goti.

Linaloniuma ni kwamba nilikuwa nimeyasoma haya yote na kuyafanyia mtihani. Ukijikwaa kwenye jiwe la ufukweni, huja kwanza uchungu mkali, kisha baada ya kitambo kidogo huja wa pili, mzito, unaowaka. Ni aina mbili za nyuzi za mishipa ya fahamu. Ya kwanza imevikwa ala ya mafuta na hupeleka habari kwa meta 5 hadi 30 kwa sekunde. Ya pili haina ala, nayo hutambaa kwa meta 1 hivi. Kwenye ncha zake mna vipokezi. Kimoja, TRPV1, hufunguka joto likifika nyuzi 43 hivi, na pilipili hukifungua hichohicho, ndiyo maana inachoma bila moto. Kilitambuliwa mwaka 1997 na David Julius na wenzake, naye akapata Tuzo ya Nobel mwaka 2021 pamoja na Ardem Patapoutian. Kisukari huharibu nyuzi hizi na vijishipa vya damu vinavyozilisha, na mara nyingi huanza na zile ndefu kuliko zote, yaani za miguuni. Ukoma nao huingia kwenye mishipa ya fahamu, na vidonda vingi vya wagonjwa wake hutokana na kuungua na kujikata bila kujua.

Sasa swali langu. Hadithi ya Nuuman bin Bashir (r.a.), iliyomo katika Bukhari na Muslim, inatufananisha waumini na mwili mmoja unaokesha kwa ajili ya kiungo kinachougua. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilipojaa na maji kuingia majumbani mwa watu wa mwambao wetu, nilitazama picha nikiwa Bujumbura. Sikuhisi kitu. Je, nilipata dhambi?

Wapo ndugu wanaosema asiyelia imani yake ina kasoro. Sikubaliani nao. Mwenyezi Mungu haikalifishi nafsi zaidi ya uwezo wake, na kuhisi hakumo mikononi mwetu. Hakuna atakayemlaumu babu kwa kutolisikia lile kaa. Lakini hadithi inasema juu ya kiungo kinacholalamika. Kisicholalamika je? Hapo madaktari hawamwambii mgonjwa ajitahidi kuhisi. Humwambia atazame nyayo zake kila siku, akung'ute viatu kabla ya kuvaa, apime joto la maji kwa kiwiko. Jicho linafanya kazi iliyomshinda mshipa.

Dada mmoja wa darasa letu aliniambia kwamba huo ni wema wa daftari, wa kuweka alama na kuondoka. Kuna ukweli. Anayekuja na orodha tu hufanya kazi yake haraka, na mwenye shida hulijua hilo. Hata hivyo unyayo uliobaki hauniulizi kama moyo wangu umelainika. Unataka kutazamwa kabla ya kulala.

Nami sina udhuru wa babu. Mishipa yangu ni mizima. Niliyekuwa nimeshika birika ni mimi, na mwanga wa simu ulikuwa unatosha kabisa kumulika unyayo.

Siku hizi, nikiwa chuoni, nampigia mdogo wangu baada ya Isha. Babu humsikia, hucheka, husema amekuwa kama ng'ombe wa mnada. Jana nilimuuliza kama ametazama.

"Nimetazama, kaka. Kuna mstari mwekundu karibu na kidole kidogo."

Nikamwambia asogeze taa.