Asemaye kwa Ajili ya Mwenzake



Wazee wametuachia maneno mawili ambayo kila mtu ayajua. La kwanza lasema, Mnyonge hana haki. La pili lasema, Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Tukilitazama lile la kwanza, twaona ya kuwa mnyonge amhitaji mtu wa kumsemea, kwa kuwa akisema peke yake hasikilizwi. Tukilitazama la pili, twaona ya kuwa msemaji huyo hayajui mateso ya yule amsemeaye, na pengine atasema visivyo. Basi tufuate lipi?

Swali hili latupasa sana siku hizi. Maana viko vyama vingi vya raia, vya hapa petu na vya ng'ambo, ambavyo si vya serikali wala si vya biashara, navyo husimama mbele ya mabenki, makampuni na mabaraza ya dunia kudai haki kwa ajili ya maskini. Kazi hiyo ni njema. Lakini kila mjumbe huulizwa, Nani amekutuma? Na mjumbe wa maskini asijione yu juu ya swali hilo.

Kwanza tutazame kwa nini watu huhitaji kusemewa. Sisi wa Handeni na Korogwe tunao ushahidi karibu, nao ni mkonge. Mwaka 1893 Mjerumani mmoja, Richard Hindorf, aliagiza miche ya mkonge kutoka Florida. Ikasafiri kwa njia ya Hamburg, na iliyofika ikiwa hai ilikuwa 62 tu, ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani. Hapo ndipo ulipoanza ukulima ulioyajaza mabonde ya Korogwe, Hale na Ngombezi. Mwaka 1964 nchi yetu ilitoa tani zaidi ya 230,000 za katani, nayo ikawa ya kwanza ulimwenguni. Baadaye watu wa ng'ambo wakapata kamba za nailoni na plastiki, bei ikaanguka, hata kufikia mwisho wa miaka ya 1990 mavuno yalikuwa kama tani 20,000 tu.

Sisemi ya kwamba kosa lote lilitoka mbali. Mashamba mengi yalitaifishwa mwaka 1967, na mengine hayakutunzwa ipasavyo. Hilo ni letu wenyewe. Walakini fikirini habari za manamba aliyekata majani kwa jua na kwa mvua. Hakuulizwa neno lo lote juu ya bei ya kazi ya mikono yake. Bei ilipopanda hakumjua aliyeipandisha, na ilipoanguka hakuuona mlango wa kubisha hodi.

Na milango ya dunia hata leo ni michache. Katika Shirika la Fedha la Kimataifa kura hazihesabiwi kwa vichwa, bali zaidi kwa ukubwa wa uchumi wa kila nchi. Marekani peke yake ina zaidi ya asilimia 16 za kura, na mambo yaliyo makubwa hayapiti pasipo asilimia 85. Basi ikikataa, neno limekwisha. Halmashauri ya shirika hilo ina viti 25. Nchi za Afrika zilizo kusini mwa Sahara, nazo ni zaidi ya 40, zilikuwa na viti viwili, zikaongezewa cha tatu mwezi wa Novemba 2024. Kiti hicho hakikuja chenyewe. Kilidaiwa miaka mingi.

Tena sauti ya watu wengi pamoja ina nguvu. Mwezi wa Mei 1998 watu kama 70,000 walishikana mikono kuuzunguka mji wa Birmingham, Uingereza, ambamo wakuu wa mataifa tajiri walikuwa wamekutana. Wakaomba madeni ya nchi maskini yafutwe. Wengi wao walikuwa watu wa makanisa, na jina la jambo lao, Yubile, walilitoa katika sheria ya kale ya kuwasamehe wadeni. Mwezi wa Novemba 2001 Tanzania ilifika mwisho wa masharti ya mpango wa msamaha, ikapunguziwa deni lake. Mwaka huo huo serikali ilifuta karo ya shule za msingi. Watoto waliokuwa kama milioni 4.4 shuleni mwaka 2000 walipita milioni 7 mwaka 2005. Madarasa yakasongamana, na walimu wakawa wachache. Walakini mzazi wa Handeni aliweza kuona kwa macho yake matunda ya neno lililosemwa mbali. Neno lilikwenda, likarudi.

Sasa tutazame jambo lililo gumu zaidi. Bomba la mafuta ghafi litokalo Hoima, Uganda, hata Chongoleani, Tanga, lina urefu wa kilometa 1,443, na 1,147 katika hizo zimo ndani ya Tanzania. Njia yake yapita Kilindi, Handeni, Korogwe na Muheza. Serikali zetu mbili zasema litaleta kodi, kazi na barabara. Vyama vya raia vyasema mafuta hayo yatazidi kuharibu hali ya hewa ya dunia, tena vyalalamika juu ya haki za wenye mashamba. Mwezi wa Novemba 2020 vyama vinne vilipeleka shauri katika Mahakama ya Afrika ya Mashariki iliyoko Arusha. Mwezi wa Septemba 2022 Bunge la Ulaya likataka kazi ingoje mwaka mmoja, njia nyingine itafutwe. Na mwezi wa Novemba 2023 mahakama ya Arusha ililitupa shauri lile, kwa sababu lilipelekwa baada ya muda wa sheria kupita.

Katika mambo hayo yote, mwenye shamba alisema nini? Wengi walisema neno dogo sana kuliko yale yaliyosemwa Ulaya. Walilalamika ya kuwa mashamba yao yalithaminiwa, kisha wakangoja muda mrefu pasipo kulipwa, wasijue kama wapande mazao ya kudumu au wasipande. Yuko aliyelipenda bomba na kuchukia kungoja. Yuko aliyelichukia bomba lenyewe. Watu hao si sauti moja, na mtu awafanyaye kuwa sauti moja amewanyang'anya kitu cha pili baada ya shamba.

Mtu atasema, Mkulima huyo ajua nini habari za hali ya hewa ya dunia? Namjibu: Handeni yaujua ukame kuliko wengi waandikao juu yake. Mwingine atasema, Wazungu waliochoma mafuta zaidi ya miaka mia watukataze sisi? Naye ana neno la haki. Walakini haki ya neno hilo haimfanyi kampuni kuwa ndugu yetu, wala haimlipi aliyecheleweshewa fidia.

Basi, nionavyo mimi, maneno mawili ya wazee yapatana katika jambo moja, nalo ni kurudi. Asiyekilalia kitanda aweza kumsemea mwenzake, mradi aende kwanza amsikilize, achukue neno lake zima hata lile lisilompendeza, kisha arudi kumwambia lilivyopokewa. Akishindwa barazani, arudi vile vile aeleze kwa nini alishindwa. Mjumbe asiyerudi ametumia jina la mwenzake kwa safari yake mwenyewe. Tena atawezaje kuziambia benki kubwa zitoe hesabu kwa watu wadogo, hali yeye mwenyewe hatoi?

Na sisi tusemewao tuna wajibu wetu. Kwa sheria, kila mkazi aliyetimiza miaka 18 ni mjumbe wa Mkutano Mkuu wa Kijiji. Mkutano huo ndio baraza letu la kwanza, na mara nyingi twauacha mtupu, kisha twanung'unika ya kuwa dunia haitusikilizi. Ajapo mgeni Kwaluguru au kijiji cho chote kingine, akisema yuko upande wetu, tumkaribishe vema, tumpe kiti. Kisha tumwulize mambo mawili mbele ya watu wote: Utatusemea neno gani? Na utarudi lini kutupa majibu? Siku aliyoitaja iandikwe katika kitabu cha kijiji.